Buni Iliyoitika

4 Juni

Mzee Kichanja,

Shikamoo. Nimefika salama, na mfuko wa sampuli nimeupakata njia nzima. Leo asubuhi nimezikaanga zile buni zako, na kabla hazijapoa shemeji yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili, aliiacha suruali ya mtu mashineni akaja kuuliza napika nini. Huyu ni mtu anayekunywa kahawa kwa ajili ya sukari tu. Nikajua nimepata nilichokuwa nakitafuta.

Nakuandikia barua kwa sababu mbili. Ya kwanza unaijua: simu yako haishiki mpaka upande juu ya tangi la maji, na sitaki uvunjike mguu kwa ajili yangu. Ya pili nakwambia wazi, usije ukasema nilikuficha. Mkulima niliyenunua kwake kabla yako tulielewana kwa simu. Msimu ulipofika aliniletea buni za mwaka juzi, amezifunika kwa mpya kidogo mdomoni mwa gunia. Nilipombana, akasema hakumbuki kuniahidi kitu. Wateja wakanikimbia, na tangu siku hiyo mimi na maneno ya mdomo tumeachana.

Basi tuandikiane. Mavuno yako yote ya msimu huu, magunia kumi, yaje kwangu katikati ya Septemba bila kupita kwa dalali. Matunda mekundu tu. Yaanikwe vichanjani na mama, kama nilivyomwona akifanya. Nimeshachapisha makopo, mzee, yameandikwa "Kahawa ya Mkono Mmoja". Mikahawa mitatu na duka moja wanasubiri, na wote nimewaambia kahawa hii haikupita mikono ya watu. Nikidanganywa safari hii, nafunga karakana narudi kuwa karani wa mtu.

Msalimie mama sana.

Mkaangaji

*

19 Juni

Mwanangu Mkaangaji,

Marahaba. Barua yako imenifikia kwa dereva wa lori. Ilikuwa na alama ya kidole cha grisi lakini haijafunguliwa. Niliigeuza huku na huku nikahakikisha. Usidhani wasiwasi ni wako peke yako. Watu wa mjini wamekuja hapa kabla yako, wakapiga picha na mibuni, wakala, wakaahidi, na mpaka leo hatujawaona. Mke wangu anasema wewe ni tofauti kwa sababu uliomba kukaa naye kuchambua, na vidole vyako havikuwa vya uvivu. Mimi nilimwambia tungoje tuone.

Dalali alikuja jana na pikapu yake. Ni jirani yangu, tumesaidiana mengi, lakini kwenye mizani hana ujirani. Nikamwambia mwaka huu mavuno yana mwenyewe. Alicheka akasema mtu wa mjini akinikimbia nisije kumgongea. Kwa hiyo ujue huo mlango nimeufunga kwa ajili yako.

Uliniuliza siku ile tunajuaje kama zimekauka, nikakujibu kwa mkato. Mwenye kipimo ni mama watoto. Tunda likishasinyaa na kuwa jeusi, analiweka sikioni analitikisa. Punje ikiwa kimya, bado. Ikigonga ganda, anasema imeitika. Neno hilo ni lake mwenyewe. Majirani wanasema imekauka, basi, na wanamtania kwamba anaita kahawa kama anavyoita kuku. Mimi nimekaa naye miaka thelathini na moja na nimezoea. Ukiona nimeandika imeitika, ujue ni yeye aliyesema.

Anakusalimu. Anasema umekonda mno, na mtu anayeuza kinywaji apaswa kuonekana anakula.

Mzee Kichanja

*

21 Julai

Mzee wangu,

Shikamoo. Kale kamfuko ka mavuno ya kwanza dereva amenifikishia. Nimezitikisa moja moja sikioni mpaka shemeji akauliza kama nasubiri simu. Zimeitika zote. Neno la mama limenikaa kichwani, ila nimelificha. Silitumii mbele ya wateja, maana mjini hapa neno zuri likishatoka kesho utalikuta kwenye kopo la mwingine.

Nikuulize jambo. Dereva anasema alipopita aliona watu wawili wageni vichanjani kwako, mwanamke na mwanamume. Ni vibarua? Kuchuma sikatai, achume yeyote mwenye macho. Lakini kuanika na kusikiliza asiguse mtu mwingine. Kusema kweli, mzee, ninachonunua kwako si shamba, ni mkono wa mama. Mkono ukibadilika uniambie mapema, kwa sababu sitachukua.

Usinichukie kwa maneno haya. Nimeshaungua mara moja.

Mkaangaji

*

2 Septemba

Kwa Mkaangaji,

Barua yako nimeipata. Magunia hayatakuwa tayari katikati ya mwezi. Tulipata mvua isiyo ya wakati wake. Nipe mpaka mwisho wa Oktoba.

Kahawa ipo, haijaenda popote.

Mzee Kichanja

*

9 Septemba

Dada yangu,

Huko wodini kwenu hujambo? Mumeo mzima, anashona, analalamika, anakula kwangu. Usiwe na wasiwasi naye. Wasiwasi uwe na mimi.

Yule mzee wa kahawa ananizunguka. Imekuja barua yake kwa posta, nimekunakilia yote kwenye karatasi ya pili, haitakuchosha, ni mistari michache. Angalia. Mtu aliyekuwa akiniita mwanangu sasa ananiita Kwa Mkaangaji. Anasema mvua, na dereva wa lori anaapa huko vumbi lilikuwa hadi kwenye nyusi. Halafu anaongeza kwamba kahawa haijaenda popote, wakati sijamuuliza kama imeenda. Nani anajitetea kabla ya kushtakiwa? Hata salamu za mkewe amezikata. Mama yule hajawahi kukosa kunisalimu, na mtu akikuficha kitu salamu ndizo huanza kupungua.

Bado sijakwambia kubwa. Katikati ya Agosti dereva alipita karibu na nyumba ya mzee akaona pikapu ya dalali imeegeshwa kinyumenyume mlangoni. Watu wengi uani. Wanaume wanatoa magunia ndani ya nyumba wanapakia. Hakusimama kwa kuwa alikuwa amechelewa, lakini macho anayo. Nilikaa chini hapohapo kwenye rundo la makopo yangu, dada, nikalia. Makopo mia sita yanasema mkono mmoja, na mkono wenyewe unapakia kwenye pikapu ya dalali.

Sasa sikiliza nilichoamua, na usinipigie kelele. Nikimuuliza atakana, yule wa kwanza alikana hivyohivyo. Kwa hiyo mtu mwingine ndiye atakayemwandikia. Nimembuni mnunuzi mpya, anaitwa Bwana Mizani, anataka magunia yote kumi na yuko tayari kupita bei yangu. Nimetunga barua mwenyewe, mumeo ameinakili kwa mwandiko wake, na majibu yatakuja kwenye sanduku lake la posta. Haipiti kwa dereva, inakwenda kwa posta ya kawaida mpaka sanduku la shule ya kule kwao. Mzee akikubali kumuuzia Bwana Mizani, nitajua ni mtu wa aina gani. Akikataa, nitatulia.

Mumeo alifurahi sana. Jina la Mizani kalichagua yeye.

Mdogo wako

*

11 Septemba

Mheshimiwa Bwana Mkulima,

YAH: KUNUNUA MAVUNO YAKO YOTE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mnunuzi wa kahawa mbichi, nawatafutia wakaangaji wadogo wa mjini. Nimezisikia sifa zako kwa wasafiri. Natafuta magunia kumi ya buni iliyochumwa nyekundu, iliyoanikwa vichanjani na iliyoitika sawasawa. Bei yangu itakuwa juu ya bei ya yeyote mliyepatana naye.

Kama kuna mtu umeshampa ahadi, naamini mambo hayo yanazungumzika baina ya watu wazima. Hakuna haja ya yeye kujua.

Naomba jibu kupitia anwani iliyopo juu ya bahasha.

Wako katika biashara,
Bwana Mizani

*

22 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako wakati wa mapumziko nikashindwa kumaliza chai. Umempa mume wangu kazi ya uongo na yeye, kwa akili zake, akaipokea kama tenda ya sare za shule. Mwambie nitazungumza naye.

Wewe nakuuliza swali moja. Umemuuliza mzee hali ya mke wake? Umehesabu salamu zilizopungua, umehesabu watu uani, umehesabu mistari ya barua. Mimi nimeuguza watu wodini miaka kumi na saba. Nikimwona mwanamume anayejibu kwa mkato, anayesema mvua wakati wa vumbi, siwazi magunia. Pengine nakosea. Pengine ni mwizi kweli. Lakini ungeanza na "mama hajambo?" ungepoteza nini?

Kama hiyo barua bado haijatoka, ichane. Kama imetoka, mwandikie mzee leo kwa jina lako umwambie. Uongo wa siku mbili bado unaweza kuufanya utani. Ukikaa mwezi, si utani tena.

Dada yako

*

3 Oktoba

Kwa Bwana Mizani,

Salamu. Barua yako niliipata shuleni, mwalimu aliniletea mwenyewe. Nashukuru kwa kuitaka kahawa yangu.

Magunia hayo yana mwenyewe. Ni binti mmoja mkaangaji, na tumeandikiana. Bei yako sikuitazama mara mbili, si kwa kuwa mimi ni mtu mwema sana, ila nikianza kuitazama nitaanza kuhesabu, na nikihesabu nitajichukia.

Lakini kwa kuwa hunijui nami sikujui, acha nikuambie nisichoweza kumwambia yeye. Mke wangu alifariki tarehe kumi na nne Agosti. Miguu ilianza kumkataa mwezi wa saba. Binti yetu akaja na mumewe, wakawa wanambeba na kiti chake kutoka kichanja hadi kichanja ili aendelee kusikiliza kahawa yake. Siku alipozidiwa, dalali ndiye aliyempeleka hospitali kwa pikapu yake, na ndiye aliyemrudisha. Watu wakajaa. Sebule ilikuwa na magunia saba aliyokwisha kuyaanika, ikabidi tuyatoe tukayaweke ghalani kwa dalali ili waliokuja kunipa pole wapate pa kukaa. Yamerudi yote, nimeyahesabu.

Matunda ya magunia matatu yalibaki juani. Nimeyaanika mimi na binti yangu. Tunayatikisa sikioni kama alivyofanya. Binti anasikia vizuri, mimi sisikii kitu, nalia tu.

Sasa, mnunuzi wangu aliwahi kuniandikia kwamba hanunui shamba, ananunua mkono wa mama, na mkono ukibadilika hatachukua. Hakujua anamwandikia nani na lini. Barua hiyo ilifika mama akiwa kitandani, nikamsomea, ila mstari huo niliuruka. Tangu hapo naogopa kumwambia. Nimemdanganya habari ya mvua, na sijazoea kudanganya, nadhani hata kwenye karatasi inaonekana.

Wewe ni mtu wa kahawa na unaonekana unajua mambo. Kama ungekuwa wewe ndiye mnunuzi wangu, ungependa uambiwe nini? Nami ningependa kuambiwa ukweli wowote ambao wewe ungekuwa nao. Nijibu.

Mzee Kichanja

*

12 Oktoba

Mzee wangu, baba yangu,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Dereva wa lori amenieleza kuhusu msiba wa mama, naye alisikia njiani kwa watu. Nimelia mpaka shemeji akafunga duka lake akaja kukaa nami. Pole sana, mzee. Pole kwa binti yako. Nimekumbuka alivyonionyesha kutenganisha punje iliyotobolewa na mdudu bila kuitazama, kwa kidole tu, na alivyonicheka nilipozitupa nzima nikabakiza mbovu.

Kuhusu kahawa, usihangaike. Lete magunia yote kumi, yale ya mama na yale mtakayokuwa mmeanika wewe na binti yako, yote nitayachukua. Niliyoyaandika Julai niliyaandika bila kujua, naomba uyasahau. Makopo ni maneno tu yaliyochapishwa.

Kuna mambo mengine ningetaka kukwambia, ila tutayazungumza tukionana.

Mwanao,
Mkaangaji

*

27 Oktoba

Mkaangaji,

Marahaba. Barua hii imekuja kwa lori lilelile la magunia yako, yasainie yote kumi kabla dereva hajaondoka.

Dereva huyohuyo alipita hapa Jumatatu iliyopita, mara yake ya kwanza kusimama kwangu tangu msiba. Akashuka, akaenda moja kwa moja mlango wa jikoni kumwomba mama maji ya kunywa, kama kawaida yake. Akaita mara tatu. Ilibidi nitoke mimi nimweleze, akakaa chini kwenye kizingiti na kofia mkononi. Kwa hiyo si yeye aliyekwambia.

Mjini nilimwambia mtu mmoja tu, Bwana Mizani. Na yule nilimjua kabla sijamaliza barua yake. Anasema anataka buni iliyoitika. Neno hilo, mwanangu, majirani hulicheka tu, waliolitumia walikuwa watu watatu. Mmoja nimemzika, mmoja ni mimi. Hata binti yangu husema imekauka, na dalali, jirani wa miaka yote, hasemi hivyo.

Nataka ujue sikukasirika. Nyumba ilikuwa kimya wiki nyingi, na lile neno lilipotokea kwenye karatasi ya mtu nilifurahi, nikalisoma kwa sauti. Nikasema binti huyu anaogopa, na mimi nimempa sababu ya kuogopa, maana nimemficha. Tuko sawa. Ndiyo maana nilimjibu bwana yule kila kitu, nikamuuliza swali lile mwishoni. Nilikuachia nafasi useme "ni mimi". Neno moja lingetosha, ningecheka, na mama angekuwepo angecheka zaidi. Siku kumi na tano nilikwenda shuleni kila asubuhi kumuuliza mwalimu kama kuna barua. Ikaja barua yako nzuri, yenye pole nyingi, na ndani yake umemsingizia dereva.

Magunia saba ni ya mkono wa mama. Matatu ni yetu, nimeyafunga kwa kamba nyekundu ili usiyachanganye kwenye makopo yenye maandishi yale. Wewe umeandika ni maneno tu yaliyochapishwa. Mama aliniomba nimsomee maneno hayo mara mbili, akasema hajawahi kuandikwa mahali popote.

Msimu ujao nitamuuzia dalali. Atanipunja, hilo najua, lakini hunipunja kwa jina lake.

Ndani ya gunia la kwanza, juu, kuna kifuko cha kitambaa cha maua. Ni buni za kichanja cha mwisho alichosikiliza mwenyewe, akiwa kwenye kiti. Alisema ni zako, za kunywa wala si za kuuza, ili ujaze uso. Ahadi ni yake, sina ruhusa ya kuibadilisha.

Zikaange taratibu. Zote zimeitika.

Mzee Kichanja